Namba za Kufuatilia Katika Biashara Ndogo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Ukimuuliza mfanyabiashara mdogo mambo yanaendaje, mara nyingi atakujibu kwa kutazama vitu viwili: wateja wanavyoingia, na fedha iliyomo kwenye droo. Vyote viwili vinaweza kumpotosha. Wateja wanaweza kujaa kwa sababu unauza kwa bei isiyokulipa, na droo inaweza kujaa kwa sababu hujamlipa aliyekuletea mzigo. Kinyume chake nacho hutokea. Droo imekauka, ilhali biashara inapata faida nzuri, ila faida yenyewe imelala stoo au iko mikononi mwa watu unaowadai.

Biashara ndogo haihitaji namba ishirini. Inahitaji tano au sita za kila wiki, na tano nyingine za kila mwezi, zilizoandikwa kwa uaminifu, na kila moja iwe na kazi yake: ikipanda au ikishuka, ujue utafanya nini. Namba isiyobadilisha uamuzi wowote iache, hata kama inapendeza kuitazama.

Nitatumia hesabu ya biashara moja ya mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kutaja sarafu, ili uweze kuweka namba zako mahali pa hizo.

Hatua ya 1: Tenganisha fedha, kisha andika kila siku

Kabla ya kupima chochote, fedha ya biashara iwe na mahali pake na fedha yako binafsi iwe na mahali pake. Akaunti mbili, au mifuko miwili, au laini mbili za simu. Njia utachagua mwenyewe. Zikichanganyika, hakuna namba yoyote itakayofuata hapa chini yenye maana, kwa sababu hutajua kama mwezi ulikuwa mbaya au nyumbani kulikuwa na matumizi mengi.

Mwaka 1494, mtawa na mwanahisabati Luca Pacioli alichapisha huko Venice maelezo ya namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao kwa pande mbili, kila tukio likiingia mara mbili: kilikotoka kitu na kilikokwenda. Huhitaji kuuanza mfumo huo wote kesho asubuhi. Ila kiini chake unakihitaji tangu siku ya kwanza, kwamba fedha haipotei hewani. Ikitoka mahali, daftari lazima lioneshe ilikokwenda.

Andika haya kila siku: mauzo ya taslimu, mauzo ya mkopo, pamoja na jina, kiasi na tarehe ya kulipa, madeni ya zamani yaliyolipwa, mzigo ulionunuliwa, matumizi mengine, na ulichochukua wewe mwenyewe. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Ukichukua bidhaa kwa matumizi ya nyumbani, iandike kwa bei uliyoinunulia, maana stoo imepungua kama vile umeiuza.

Kuna fedha zinazoingia ambazo si mauzo, na hapa wengi hujidanganya bila kukusudia. Deni la mwezi uliopita likilipwa leo, si mauzo ya leo. Uliyahesabu siku ulipotoa bidhaa. Mkopo wa benki si mauzo. Fedha uliyoongeza kutoka mfukoni mwako si mauzo. Na kama unakusanya kodi ya ongezeko la thamani kwa niaba ya serikali, sehemu hiyo si yako. Itoe kabla ya kuanza kupiga hesabu.

Jioni funga hesabu. Fedha ya kuanzia siku, jumlisha iliyoingia, toa iliyotoka, na matokeo yake ndiyo fedha inayopaswa kuwepo. Hesabu iliyopo kweli. Ikitofautiana, andika tofauti hiyo kama ilivyo, hata kama ni ndogo, wala usiijazie kutoka mfukoni ili karatasi ipendeze. Tofauti ndogo zinazojirudia siku ileile ya wiki, au mtu yuleyule akiwa zamu, ni habari muhimu, na zikifutwa habari hiyo inapotea.

Daftari la karatasi linatosha kabisa kuanzia. Jedwali la kompyuta au programu ya simu hurahisisha kujumlisha, lakini haiandiki chochote ambacho wewe hukukiingiza.

Hatua ya 2: Gawanya mauzo katika sehemu zake

Jumla ya mauzo peke yake haisemi mengi. Igawanye hivi:

Mauzo = idadi ya manunuzi ya wateja × wastani wa kila nunuzi

Biashara yetu ya mfano iliuza 2,000,000 mwezi uliopita. Kulikuwa na manunuzi 500, yaani wastani wa 4,000 kila moja. Mwezi huu mauzo yameshuka hadi 1,800,000. Je, waliokuja ni 450 na kila mmoja akanunua kwa 4,000 kama kawaida? Au walikuja walewale 500, ila wastani umeshuka hadi 3,600? Upungufu ni uleule wa asilimia 10, lakini tiba hazifanani. La kwanza linakuuliza kwa nini watu hawafiki. La pili linakuuliza kama bidhaa fulani imekwisha stoo, au wateja wamehamia vifungashio vidogo, au muuzaji ameacha kuwakumbusha kitu cha pili wanachokihitaji. Asiyegawanya namba hii atakimbilia kutangaza, kumbe tatizo lilikuwa rafu tupu.

Bei zinapopanda, ongeza kipimo kingine: idadi ya vipande, kilo, au kazi zilizouzwa. Mauzo ya fedha yakiongezeka kwa asilimia 8 ilhali bei zako umezipandisha kwa asilimia 12, umeuza vitu vichache kuliko zamani, hata kama daftari linaonekana kukua.

Hatua ya 3: Faida ghafi, namba ya kuilinda kuliko zote

Ningeambiwa nichague namba moja tu, ningechagua hii. Faida ghafi ni mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa, kabla ya kodi ya pango, mishahara na umeme. Inakuambia kama kazi yenyewe ya kununua na kuuza inalipa. Isipolipa hapo, hakuna ubanaji wa matumizi utakaoiokoa biashara.

Kosa la kawaida ni kutoa manunuzi ya mzigo ya mwezi kutoka kwenye mauzo ya mwezi. Lakini mzigo ulionunua mwezi huu haukuuzwa wote mwezi huu, na sehemu ya ulichouza ilinunuliwa zamani. Kwa hiyo lazima uhesabu stoo, angalau mara moja kwa mwezi, kwa bei za kununulia:

Gharama ya bidhaa zilizouzwa = mzigo wa mwanzo wa mwezi + manunuzi − mzigo wa mwisho wa mwezi

Katika mfano wetu, mwezi wa mauzo ya 2,000,000 ulianza na mzigo wa 900,000 stoo. Ulinunuliwa mwingine wa 1,600,000. Mwisho wa mwezi ulibaki wa 1,000,000. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 1,500,000, faida ghafi ni 500,000, na ukiigawanya kwa mauzo unapata asilimia 25. Kila 100 inayoingia, 25 inabaki kulipia mambo mengine yote.

Angalia pia unapigaje asilimia. Ukinunua kwa 80 na kuuza kwa 100, umeongeza asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, lakini faida ghafi yako ni asilimia 20 ya mauzo. Ni kitu kilekile kimetazamwa kutoka pande mbili. Anayechanganya pande hizi hujiona ana faida kubwa kuliko aliyo nayo, kisha hutoa punguzo ambalo hawezi kulibeba.

Tuliangalie punguzo lenyewe, kwa sababu hapa ndipo biashara nyingi huumia kimyakimya. Bidhaa ya 100 unainunua kwa 75. Unabaki na 25. Ukitoa punguzo la asilimia 10, unauza kwa 90 na kubaki na 15. Ili upate faida ileile uliyokuwa unaipata kwa kuuza vipande 60, sasa utalazimika kuuza vipande 100. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 67, tena kwa stoo ileile na mikono ileile. Kabla ya kukubali ombi la "nipunguzie kidogo" kuwa kawaida ya biashara yako, fanya hesabu hii kwa bei zako mwenyewe na uibandike mahali utakapoiona.

Asilimia ya faida ghafi ikishuka bila wewe kubadilisha bei, sababu huwa chache na zinatafutika: aliyekuuzia amepandisha bei na hukupandisha yako, punguzo zimezidi, bidhaa zinaharibika au zinaibwa, mauzo mengine hayaandikwi, au wateja wamehamia bidhaa zenye faida ndogo. Anza na ankara za mzigo wa karibuni, kwa kuwa ndizo rahisi kukagua.

Kuhusu bei kupanda kuna jambo zaidi. Ulinunua kwa 75, unauza kwa 100, unajiona una 25. Lakini ukirudi kununua unakuta bei imefika 90. Kati ya ile 25, 15 inahitajika kurudisha kipande kilekile stoo. Ukiitumia yote kama faida, unakula mtaji, na baada ya miezi michache rafu zitaanza kupwaya bila wewe kuelewa sababu. Nyakati za mfumuko wa bei, pima faida kwa bei utakayonunulia kesho.

Anayeuza huduma, kama fundi, mshonaji au mtengeneza tovuti, hana stoo kubwa, lakini ana saa. Saa zake ndizo mzigo wake, na saa iliyopita bila kulipwa hairudi rafuni. Ikiwa mwezi una saa 160 za kazi na zilizolipiwa na wateja ni 88, umeuza asilimia 55 ya ulichonacho. Zilizobaki zilikwenda kwenye safari, kutafuta wateja, na kurudia kazi ambazo hazikutoka vizuri. Kundi hili la mwisho liandike peke yake, kwa sababu ndilo unaloweza kulipunguza upesi zaidi.

Hatua ya 4: Jua unahitaji kuuza kiasi gani kwa siku

Orodhesha gharama ambazo zinakudai hata siku ambayo hakuna mteja aliyeingia: pango, mishahara, umeme wa kawaida, leseni, intaneti, riba ya mkopo. Weka humo pia uchakavu wa vifaa. Mashine ya 1,800,000 inayotarajiwa kudumu miaka 3 inakugharimu 50,000 kila mwezi, hata kama hakuna anayekutumia ankara ya kiasi hicho. Usipoitenga, siku itakapokufa utaambiwa ni bahati mbaya, wakati tarehe yake ulikuwa ukiijua kwa makadirio.

Tuseme gharama hizi zinafika 300,000 kwa mwezi. Gawanya kwa asilimia ya faida ghafi, yaani asilimia 25 au 0.25:

300,000 ÷ 0.25 = 1,200,000

Hicho ndicho kiwango ambacho biashara haipati faida wala hasara. Kwa siku 25 za kazi ni 48,000 kila siku. Ni namba nzuri sana kwa sababu kila mtu kazini anaielewa, na saa tisa alasiri unajua umefika wapi.

Lakini haijakamilika. Wewe hujalipwa. Wamiliki wengi hujiacha nje ya hesabu, kisha wanaishi kwa kuchotachota, na biashara inaonekana ya faida kwa sababu kuna mtu anaifanyia kazi bure. Weka mshahara wako, hata uwe mdogo. Ukijilipa 200,000, gharama za kudumu zinakuwa 500,000, na mauzo yanayohitajika yanakuwa 2,000,000, yaani 80,000 kwa siku. Biashara yetu iliuza 2,000,000 kamili. Kumbe iko sawasawa kwenye mstari: imelipa kila kitu, imemlipa mwenyewe, na haikubakiza hata moja ya kukuzia. Mtu aliyekuwa akitazama mauzo tu asingeliona hilo.

Tumia hesabu hii kila unapofikiria gharama mpya ya kudumu. Ukitaka kuajiri mtu wa 100,000 kwa mwezi, kwa faida ghafi ya asilimia 25 unahitaji mauzo ya ziada ya 400,000. Swali linakuwa la wazi: yatatoka wapi?

Hatua ya 5: Fedha taslimu, na kwa nini faida haionekani

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa na hesabu. Karatasi inasema kuna faida, mfuko unasema hapana, na mtu anaamua karatasi ni uongo. Zote mbili zinasema kweli. Zinajibu maswali tofauti.

Turudi kwenye mfano. Faida kabla ya mshahara wa mwenye biashara ilikuwa 200,000. Mwezi huohuo mzigo stoo uliongezeka kutoka 900,000 hadi 1,000,000, kwa hiyo 100,000 imegeuka kuwa bidhaa. Madeni ya wateja yaliongezeka kutoka 250,000 hadi 400,000, kwa hiyo 150,000 iko mikononi mwao. Deni la biashara kwa waliomletea mzigo halikubadilika. Hesabu yake ni hii: 200,000 − 100,000 − 150,000 = −50,000. Faida ipo, lakini fedha imepungua kwa 50,000, na mwenyewe hajachukua chochote. Akijilipa ile 200,000, droo inapungukiwa na 250,000 katika mwezi ambao kwa daftari haukuwa mbaya.

Marejesho ya mkopo nayo huleta utata wa aina hii. Riba ni gharama. Lakini ule mtaji wa mkopo unaorudisha si gharama, hauingii kwenye hesabu ya faida, ila fedha inatoka kweli. Biashara inaweza kuonyesha faida ya 80,000 huku ikitakiwa kurejesha 120,000 za mkopo. Jipange kabla ya kusaini.

Kwa hiyo fuatilia siku ambazo fedha yako inakaa imefungwa. Kwa mwezi wa siku 30:

Siku za mzigo stoo: 1,000,000 ÷ 1,500,000 × 30 = siku 20

Siku za kusubiri wateja walipe: 400,000 ÷ 2,000,000 × 30 = siku 6

Siku unazopewa na wanaokuletea mzigo, ikiwa unadaiwa 250,000: 250,000 ÷ 1,500,000 × 30 = siku 5

Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu: siku 21. Hizo ndizo siku za mzunguko wa fedha. Kutoka unapolipia mzigo hadi fedha inaporudi mkononi zinapita wiki tatu. Kiasi kilichofungwa humo ni 1,000,000 + 400,000 − 250,000 = 1,150,000. Huo ndio mtaji wa kuzungusha, na ukitaka kukuza mauzo mara mbili bila kubadilisha siku hizo, utahitaji takriban mara mbili yake. Ndiyo maana biashara inaweza kuzama katikati ya kukua: oda zinaongezeka, mzigo unaongezeka, mikopo kwa wateja inaongezeka, na fedha inakwisha kabla malipo hayajafika.

Siku za stoo zitazame kwa kila kundi la bidhaa. Chukua bidhaa mbili, kila moja imekula mtaji wa 100,000. Ya kwanza inakupa faida ya 40,000, lakini inachukua miezi minne kuisha. Ya pili inakupa 8,000 tu, ila inaisha kila wiki na unanunua tena. Ya kwanza imekupa wastani wa 10,000 kwa mwezi. Ya pili imepita 32,000. Mwanzoni mwa karne ya 20, F. Donaldson Brown wa kampuni ya DuPont ya Marekani aliiweka hoja hii katika kanuni: pato la mtaji ni faida katika kila mauzo, mara kasi ya mtaji kuzunguka. Viwanda vikubwa viliichukua, lakini ina manufaa zaidi kwa mtu mwenye mtaji mdogo, kwa kuwa yeye hana fedha ya kulaza. Mzigo ambao haujatembea kwa siku 90 uuze hata kwa bei uliyonunulia, na fedha ihamie kwenye kinachotembea. Najua inauma. Ila kuendelea kuushikilia hakurudishi ile faida uliyoitarajia.

Madeni ya wateja yapange kwa umri: ambayo hayajafikisha siku 30, ya siku 31 hadi 60, na yaliyozidi 60. Jumla inaweza kubaki ileile huku deni likizeeka, na deni linavyozeeka ndivyo linavyozidi kuwa gumu kulipwa. Weka ukomo kwa kila mteja, na usimwongezee mkopo mwenye deni lililopitisha tarehe, hata awe rafiki. Ni rahisi zaidi kusema hapana kabla ya kutoa bidhaa kuliko kudai baadaye.

Mwisho wa hatua hii, andika makadirio ya fedha ya wiki 13 zijazo, yaani robo mwaka. Kila wiki iwe na mistari minne: fedha ya kuanzia, inayotarajiwa kuingia, inayolazimika kutoka, na itakayobaki. Weka malipo ya pango, mishahara, kodi na marejesho kwenye wiki zake halisi. Upande wa kuingia, kuwa mgumu: andika fedha kwa siku ambayo mteja huyo kwa kawaida hulipa, hata kama ameahidi mapema zaidi. Wiki ya saba ikionekana inakwenda chini ya sifuri, una wiki sita za kuahirisha manunuzi, kudai madeni, au kuzungumza na anayekuletea mzigo. Ukigundua siku yenyewe, utakopa kwa masharti ya mtu aliyebanwa.

Hatua ya 6: Wateja

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa kipimo kikubwa ni kimoja: wanarudi? Kati ya walionunua mwezi huu, wangapi waliwahi kununua kabla? Kama huna majina ya wote, chukua wiki moja kila mwezi, waulize wanaolipa kama ni mara yao ya kwanza, na uweke alama kwenye daftari. Makadirio yanayofanywa kwa njia ileile kila mwezi yanatosha kuonyesha mwelekeo.

Ukitangaza, gawanya gharama ya tangazo kwa wateja wapya lililowaleta, kisha linganisha na faida ghafi, si na mauzo. Tangazo la 60,000 lililoleta wateja 30 limegharimu 2,000 kwa kila mmoja. Wastani wa nunuzi ni 4,000, na faida ghafi ya humo ni 1,000. Kwa hiyo mteja huyo anahitaji kununua mara mbili ndipo arudishe gharama ya kumpata, na faida inaanza mara ya tatu. Kama wengi hawarudi, tangazo hilo linakutia hasara hata likijaza watu mlangoni.

Na kama mteja mmoja analeta zaidi ya theluthi ya mauzo yako, andika asilimia yake kila mwezi. Akiondoka yeye, ile hesabu ya hatua ya 4 inavunjika siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Karatasi moja, saa moja kwa wiki

Weka yote kwenye ukurasa mmoja. Kila wiki: mauzo, idadi ya manunuzi, wastani wake, fedha iliyopo, madeni yaliyopitisha siku 30, na wiki yenye salio dogo zaidi katika makadirio. Kila mwezi, ukishahesabu stoo: asilimia ya faida ghafi, gharama za kudumu, faida halisi baada ya mshahara wako, siku za mzunguko wa fedha, na wateja waliorudi.

Pembeni ya kila namba weka safu tatu: kipindi kilichopita, kipindi kama hiki mwaka jana, na mpaka. Jumatatu ilinganishe na Jumatatu, mwezi wa sikukuu na mwezi wa sikukuu wa mwaka jana. Mwezi wenye Jumamosi tano hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na wenye nne. Ukiwa na mwaka mzima wa kumbukumbu, jumlisha miezi 12 ya mwisho kila mwezi unapoisha. Jumla hiyo inaondoa mawimbi ya misimu na kukuonyesha kama unapanda au unashuka kweli.

Safu ya mpaka ndiyo inayogeuza karatasi kuwa chombo cha kazi. Iandike ukiwa umetulia, kabla tatizo halijafika. Faida ghafi ikishuka chini ya asilimia 23, nakagua ankara na bei ndani ya wiki hiyo. Madeni yaliyopitisha siku 30 yakifika 100,000, nasimamisha mikopo mipya. Salio la makadirio likishuka chini ya gharama za kudumu za wiki mbili, sinunui mzigo mpya isipokuwa unaotembea. Usishtuke kwa kila mtikisiko. Wiki moja mbaya ni kawaida. Tatu mfululizo kuelekea upande mmoja zinataka maelezo.

Hatua ya 8: Kuwa mwangalifu unapowapimia wengine

Ukianza kuwalipa wafanyakazi kwa namba, namba hubadilika tabia. Mwanauchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliligusia hili mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha, na katika biashara ndogo huonekana haraka zaidi. Mlipe muuzaji kwa mauzo pekee, naye atatoa punguzo na kukopesha ovyo ili mauzo yapande. Mlipe mnunuzi kwa bei ndogo ya manunuzi, naye atanunua mzigo mwingi mno ili apewe bei ya jumla, na siku za stoo zitarefuka.

Kinga yake ni kuziweka namba kwa jozi. Mauzo yaende pamoja na faida ghafi, bei ya manunuzi pamoja na siku za stoo, kasi ya kazi pamoja na kazi zilizorudishwa na mteja. Bonasi ya mauzo ihesabiwe kwa fedha iliyokwisha kulipwa, si kwa ankara iliyotolewa. Na waonyeshe wafanyakazi namba wanazoweza kuzigusa kwa mikono yao. Kijana anayepanga rafu hawezi kubadilisha riba ya mkopo, lakini anaweza kukuambia kuanzia leo bidhaa ipi imebaki vipande vitatu na ipi ina vumbi.

Usijaribu kuzianza hatua hizi zote kwa pamoja. Mwezi wa kwanza, andika kila siku na ufunge hesabu kila jioni, basi. Mwisho wa mwezi huo hesabu stoo, kisha ihesabu tena mwisho wa mwezi wa pili, na hapo utapata faida ghafi yako ya kwanza ya kweli pamoja na mauzo yanayohitajika kwa siku. Mwezi wa tatu ongeza makadirio ya fedha. Wateja na siku za mzunguko vifuate baada ya hapo. Kila baada ya miezi 6 pitia karatasi yako: namba ambayo kwa muda wote huo haijakufanya uchukue hatua yoyote iondoe, na nafasi yake iwekee jambo linalokukosesha usingizi sasa, liwe mizigo inayochelewa kufika, kazi zinazorudishwa, au mteja mkubwa aliyeanza kulipa kwa kusuasua.